Kibao cha Kidari na Chati ya Nesi

Kidari si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, uagize nyama ya namna yoyote, yeye alikushauri uchukue kidari. Ya pili, kidari chake mwenyewe kilianzia chini ya kidevu na hakikuonyesha dalili ya kufika mwisho. Akivaa aproni, kamba zake zilikutana mgongoni kwa shida, zikasalimiana, zikaachana.

Aliuza nyama ya kondoo, na kondoo tu. Ng'ombe alimwona mkubwa asiye na sababu. Mbuzi alimwita kondoo aliyekosa malezi. Na nguruwe hakutaka hata atajwe mbele ya gogo lake la kukatia. Wapo watu ambao nguruwe wamekatazwa. Hao nawaheshimu, na habari hii haiwahusu. Kidari hakukatazwa na mtu. Kidari alikataa mwenyewe, kama mtu anavyokataa kuhama nyumba aliyozaliwa.

Taabu ni kwamba bucha lake lilipakana, ukuta mmoja, na la shemeji yake, kaka wa mke wake, na shemeji huyo aliuza nguruwe. Tulimwita Mbavu, kwa kuwa zake zilihesabika hata akiwa amevaa koti. Hakuuza mbichi. Alikuwa na jiko refu la mkaa mbele ya mlango, na wavu juu yake, na kuanzia saa nne asubuhi nyama ililia pale mpaka iishe. Kwake nyama mbichi uliiona ikiingia tu, hukuiona ikitoka. Kidari naye alikuwa kinyume chake. Aliuza mbichi, akaifunga, akakupa, na yaliyotokea baadaye jikoni kwako hayakumhusu. Sidhani kama katika maisha yake aliwahi kushika mwiko.

Sasa angalia maajabu. Muuza nguruwe alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na muuza kondoo alikuwa hivyo nilivyokwisha kusema, na kila mmoja aliutumia mwili wake kuwa ushahidi.

"Nitazameni!" Kidari alizoea kusema, akijipiga kifua mbele ya wateja. "Hii ndiyo nguvu ya kondoo. Halafu mtazameni yule. Upepo ukivuma tunamfunga kwenye nguzo."

"Mimi nakula nyama, shemeji," Mbavu alimjibu bila kugeuka, akiendelea kupepea mkaa wake. "Wewe unakula shahamu. Kondoo wako akikatwa, nusu inabaki kwenye kisu, nusu inabaki kwenye shati."

Mimi nilikuwa na benchi langu kati ya milango yao miwili. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupumzika, na niliifanya kwa bidii. Kila adhuhuri mke wa Kidari alikuja na vyungu viwili, kimoja cha mumewe, kimoja cha kaka yake. Sote tulimwita Dada, kwa sababu ndivyo Mbavu alivyomwita siku nzima kupitia ukuta, na jina linalopita ukutani mara kumi kwa siku huwa la mtaa mzima. Alipoondoka tu, kila mmoja alinyanyuka kuchungulia chungu cha mwenzake.

Lakini nisije nikapotea. Nataka kusema habari ya kibao.

Juu ya mlango wa Kidari palikuwa na kibao cha bati, kimechorwa na marehemu baba yake kwa mkono wake. Maandishi yalisema KONDOO SAFI. Chini ya maandishi alikuwapo kondoo mwenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na maneno. Alikuwa mviringo kama mto wa kulalia ulioota miguu. Sufu alipakwa, ndiyo, lakini ilionekana imeongezwa baadaye kwa haraka, kama blanketi juu ya mgonjwa. Na pua yake ilikuwa pana, bapa, yenye matundu mawili makubwa yanayokutazama kama macho.

"Huyo kondoo wenu," Mbavu alipenda kuwauliza wateja, "hiyo pua ameazima wapi?"

Watu walicheka, na Kidari alikasirika kwelikweli, kwa sababu marehemu baba yake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Alichoacha duniani ni mwanawe, gogo, visu viwili na kibao hicho. Kidari alikipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa kilicholowa. Nimewahi kumsikia akikisalimia.

Basi palikuwa na nesi kijana, mwanamke, katika zahanati iliyo mwisho wa barabara, aliyeshughulika na habari za vyakula. Alipita pale kwenda kazini asubuhi, akapita kurudi jioni, na mara zote mbili walimkamata. Nesi, mwenye mimba ale ipi? Nesi, mzee kama huyu wa kwenye benchi ale ipi? Nesi, sema ukweli, nyama ipi ina nguvu? Siku moja akachoka.

"Jamani," akasema, "nitawaletea chati. Imeandikwa kila kitu, protini, mafuta, chuma, vitamini. Nitaibandika hapo kwenye nguzo kati yenu. Mtasoma wenyewe, mniache nipite."

Palikuwa na wateja wapatao kumi. Kidari alipoona macho ya watu kumi, ulimi ulimtoka kabla ya akili kuamka.

"Ilete!" akanguruma. "Na nyote mliopo hapa mnisikie. Chati hiyo ikisema nguruwe anamshinda kondoo, nakishusha kibao cha baba yangu na sikipandishi tena maisha!"

Watu wakamgeukia Mbavu.

"Na wewe je?" mtu mmoja akamuuliza Mbavu.

"Mimi sina kibao cha kushusha," akasema Mbavu. "Watu wananipata kwa moshi."

Dada aliposikia alikuja na vyungu vyake, akavitua chini, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. "Baba watoto, umeapia kitu cha marehemu. Ulimuuliza?"

"Kondoo hashindwi," akasema Kidari. Lakini nilimwona akikitazama kibao, kisha akitazama chini.

Chati ililetwa siku ya Jumatatu. Nesi aliibandika kwenye nguzo kwa gundi, akasema anawahi chanjo kijiji cha pili na atarudi Alhamisi, akaenda zake. Ilikuwa karatasi nzuri, nene, yenye mistari mingi na herufi ndogo kama chawa. Wakaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa na miwani, na darasa la nne nililimaliza.

"Nisomee mzee wangu," akasema Kidari. "Anza na kondoo." Akaweka kidole chake kinene kwenye karatasi. "Huyu hapa. Nyama ya kondoo, mbichi. Ndiyo hii ninayouza. Soma."

Nikasoma palipokuwa na kidole. Katika gramu mia moja, protini gramu kumi na saba.

"Kumi na saba!" akawaambia watu, kama vile amepata mapacha. "Mmesikia? Kumi na saba!"

"Sasa nisomee na mimi, mzee," akasema Mbavu. Kidole chake chembamba kikatafuta, kikatua. "Hii hapa. Nguruwe, iliyopikwa. Ndiyo ninayouza mimi."

Nikasoma palipokuwa na kidole. Gramu ishirini na saba.

Nilipotamka neno hilo hakuna aliyecheka, na Mbavu mwenyewe alikuwa wa mwisho kutaka kucheka. Alitazama karatasi, akamtazama shemeji yake. "Soma tena, mzee. Pengine miwani."

Nikavua miwani, nikaipangusa, nikasoma tena. Ilikuwa ile ile. Nakiri hapa kwamba mimi pia sikuona kosa. Watu wawili, vidole viwili, kila mmoja ameonyesha nyama anayoijua, na mimi nimesoma nilipoonyeshwa. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, wahenga walisema. Ila hawa hata hawakujua kwamba wanavuta.

Kidari hakubisha. Hilo ndilo lililotushangaza. Mtu aliyebishana na mvua, na mbwa wa mtaa, na mwelekeo wa jua, siku hiyo hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na ngazi na koleo, akapanda. Misumari minne. Mitatu ikatoka kwa kelele, wa nne ukakatika kichwa. Akakitoa kibao taratibu kama anayemshusha mtoto usingizini, akakitazama mbele, akakitazama nyuma, na hapo nikaona uso wake ukibadilika rangi. Nilidhani ni uchungu.

Akashuka. Akakiegemeza kibao ukutani ndani ya bucha, kondoo akitazama mbele, kisha akaketi kwenye kigoda na kukiegemea kibao kwa mgongo.

Hakuondoka hapo siku tatu. Wateja walihudumiwa kwa mkono ulionyooshwa. Kama kipande kilikuwa mbali alimwomba mteja akifikie mwenyewe. Dada akasema leta nikipeleke nyumbani nikifunike vizuri, akasema hapana. Fundi bati akasema nikipake rangi basi maadamu kiko chini, akafukuzwa. Mbavu alipochungulia mlangoni kumpa pole, Kidari alijitanua kifua chote mbele ya kile kibao, na ujue hapo bati lote lilifichika.

"Shemeji, sikutaka iwe hivi," akasema Mbavu.

"Nenda kwenye moshi wako," akajibu Kidari. Lakini sauti haikuwa na moto.

Jumatano mchana Dada alikuja bila vyungu. Alikuja na jiko lake dogo la nyumbani, sufuria, na mizani aliyoiazima kwa muuza maharage. Akavitua vyote mbele ya benchi langu, akaenda kwenye ile karatasi, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Mzee," akaniambia, "ulisema mume wangu alionyesha wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na kaka yangu?"

Nikamwonyesha.

Akacheka. Alicheka peke yake kwanza, kisha akalazimika kushika nguzo. "Wanaume wawili, miaka thelathini kwenye nyama! Kaka, njoo! Baba watoto, toka kwenye hilo bati!"

"Nasikia nikiwa hapa," akasema Kidari.

"Haya, nipe kilo moja. Mbichi. Paja."

Kilo ikapitishwa kwa mkono ulionyooshwa. Dada akaipima kwenye mizani ya maharage mbele ya watu wote, ikawa kilo kamili. Akaikata, akaitia sufuriani, akafunika, akapuliza mkaa. Tukasubiri. Wateja wa pande zote mbili wakajaa, wengine wakidhani ni msiba, wengine wakidhani ni sherehe, wote wakisikia harufu nzuri. Ilipoiva na mchuzi kukauka, akaitoa yote, akaitia kwenye sahani ya mizani.

Gramu mia saba.

"Mizani ya maharage hiyo!" akapiga kelele Kidari kutoka ndani. "Inaiba!"

Wakaleta mizani yake mwenyewe. Gramu mia saba.

"Umekula," akamwambia mkewe.

"Nimekula mbele ya watu arobaini?"

"Basi imekwenda wapi? Nilikupa kilo!"

"Ndiyo ninachokuuliza mimi, mwenye bucha. Imekwenda wapi?" Akawageukia wanawake waliokuwapo. "Mama zangu, nyama ikiingia chunguni kubwa, hutoka vipi?"

"Ndogo!" wakajibu kwa pamoja, kama darasa.

"Tangu lini?"

"Tangu dunia!"

Mbavu akajikuna kichwa. "Hiyo hata mimi naijua, dada. Wavuni inanywea. Ni maji yanatoka."

"Unaijua, na bado umeweka kidole kwenye iliyopikwa, na mwenzako kwenye mbichi! Sikilizeni nyinyi wauza nyama. Nikifua shati la mume wangu, likiwa bichi ni zito, linanivunja mkono. Likikauka ni jepesi. Je, vifungo vimepungua? Vifungo ni vile vile. Sasa nyinyi mmechukua shati bichi la mmoja na shati kavu la mwingine, mkapima uzito ulio sawa wa kila moja, halafu mkahesabu nani ana vifungo vingi!"

Kisha kutoka ndani ya bucha tukasikia sauti ndogo ya mtu mkubwa.

"Kwa hiyo kondoo akipikwa..."

"Mzee, msomee," akasema Dada.

Nikasoma, safari hii kwa kidole changu mwenyewe. Kondoo, iliyopikwa, ishirini na tano. Nguruwe, iliyopikwa, ishirini na saba.

"Mbili!" akanguruma Kidari, na hapo nikajua amepona. "Mbili tu! Gramu mbili ni nini? Hizo ni za mfupa!"

"Lakini ni mbili," akasema Mbavu.

"Za mfupa!"

Wangeendelea mpaka leo. Alhamisi nesi akarudi, akakuta umati, akajaribu kupita upande wa pili wa barabara, akaletwa. Akaelezwa yote, akaguna, akaisoma karatasi mstari kwa mstari mbele yetu.

"Baba," akamwambia Kidari, "umeapa kama nguruwe anamshinda kondoo. Anamshinda kwa lipi? Kwa protini, kidogo sana, mtu mzima hawezi kuiona tofauti. Kuna vitamini moja ya B, ile ya kwanza, hapo nguruwe yuko mbali, kondoo hamfikii. Lakini njoo kwenye chuma. Kondoo amempita, karibu mara mbili. Mwenye damu pungufu nitamleta kwako. Na ile B ya kumi na mbili, ni yako pia."

"Na mafuta?" akauliza Mbavu kwa upole wa mtu anayejua jibu.

"Mafuta hapa kondoo anayo mengi zaidi," akasema nesi. "Lakini chati haijui kisu cha mtu. Paja la kondoo lililosafishwa ni jepesi kuliko ubavu wa nguruwe wenye mafuta. Mwenye kuamua ni anayekata." Akakitazama kifua cha Kidari, akatazama shahamu nyeupe iliyoning'inia kwenye kulabu. "Na wewe, baba, hukati."

"Shahamu ndiyo utamu," akasema Kidari.

"Njoo zahanati nikupime presha, halafu tuzungumze utamu."

Watu wakacheka. Yule aliyemuuliza Mbavu siku ya kiapo akasema, basi hakuna aliyeshinda, na kiapo hakikukuta mtu. Wengine wakasema ndiyo. Lakini Kidari alibaki ameketi. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno likishatoka mbele ya watu kumi, yeye hakujua mlango wa kulirudishia ndani.

Ndipo Mbavu akaingia, akainama mbele ya kile kigoda.

"Shemeji, kipandishe."

"Ulishinda kwa mbili."

"Za mfupa," akasema Mbavu. "Kipandishe, nakuomba. Tangu kishuke wateja wangu wanapotea. Wapya wote nilikuwa nawaelekeza, nendeni mpaka kwa kondoo mwenye pua, mlango unaofuata."

"Si ulisema wanakupata kwa moshi?"

"Moshi unakwenda na upepo, shemeji. Kibao kinakaa."

Kidari akafikiri, akanyanyuka. Tukaweka ngazi. Mimi nikaishika upande mmoja, kwa kuwa wazee hupewa kazi ya kushika vitu visivyokwenda popote. Kidari akapanda na nyundo, ngazi ikalalamika. Akanyoosha mkono chini bila kugeuka, na Mbavu akakiinua kibao kumpa.

Alipokiinua kikageuka.

Miwani yangu ilikuwa machoni, kwa hiyo niliona. Nyuma ya kibao, kwa rangi iliyopauka, kwa mkono ule ule na herufi zile zile, palikuwa pameandikwa NGURUWE SAFI. Na chini yake alikuwapo mnyama yule yule, mviringo kama mto wa kulalia, miguu ile ile, pua ile ile pana yenye matundu mawili. Ila sufu hakuwa nayo. Na mkia wake ulijikunja. Marehemu baba alijua kuchora mnyama mmoja, na alianza biashara na huyo huyo.

Mbavu alikitazama kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka sita. Nilimwona akifungua mdomo. Miaka thelathini ya kutukanwa na yule mtu, na jibu lote liko mikononi mwake, limeandikwa kwa herufi kubwa, na umati umesimama hatua tano nyuma yake!

Juu ya ngazi Kidari alikuwa ameganda, nyundo imeinuliwa, shingo haigeuki.

"Umeona nini?" akauliza polepole.

Mbavu akafunga mdomo. Akakigeuza kibao, kondoo akatazama watu, akakiinua.

"Kutu, shemeji," akasema. "Kutu tu."

Kidari akashusha pumzi, ngazi nzima ikashuka nayo.

"Hata mimi niliona kutu," akasema. "Nipe misumari."

Kibao kiko pale hadi leo. Kidari alikwenda zahanati, akapimwa, na tangu hapo anapunguza shahamu kabla ya kupima nyama, ingawa anafanya hivyo kwa uso wa mtu anayemwomba kondoo radhi. Matusi ya kupitia ukutani yanaendelea kama zamani, habari ya mbavu, habari ya kidari, habari ya gramu mbili za mfupa. Ila lipo neno moja lililokwisha. Juzi mteja mgeni alisimama barabarani, akakitazama kibao, akaangua kicheko: "Jamani, huyu kondoo, hiyo pua ameitoa wapi?"

Mbavu ndiye aliyejibu, akipepea mkaa wake bila kuinua macho.

"Mwache," akasema. "Ndivyo ukoo wao ulivyo."